Swichi na Bwana Sikio

Kuna watu hasira yao ni moto wa karatasi: inawaka, inaruka juu, ukigeuka imekuwa majivu. Ya mwanamke huyu haikuwa ya aina hiyo. Yeye alikuwa mkata karatasi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, kazi inayotaka jicho lililotulia na vidole vinavyojua pa kukaa, na hasira yake aliihifadhi kwa utaratibu uleule wa kazini. Hakupiga kelele, hakulia mbele za watu, hakumtukana mtu. Aliiweka miaka saba, na siku alipoitoa ilikuwa bado inakata.

Watu walimwita Swichi. Jina hilo hakupewa na wazazi wake; alipewa na gazeti.

Ilikuwa hivi. Yeye na mdogo wake wa kiume, fundi umeme ambaye mtaa mzima ulimwita Waya, walikuwa na bendi ya pop na roki. Waya alipiga gitaa na ndiye aliyetunga nyimbo. Mwimbaji alikuwa muuguzi mwenye sauti ya kukwaruza kidogo, na aliyepiga dramu alikuwa mwalimu wa udereva ambaye, kwa mazoea ya kazi, hata wimbo ukimchanganya mguu wake wa kulia ulitafuta breki. Walifanyia mazoezi ghorofani, juu ya duka la matairi, Jumapili mchana duka likiwa limefungwa, harufu ya mpira ikiwapandia kwa ngazi. Dada mtu alipiga kinanda.

Kinanda chenyewe alinunuliwa na baba yake, fundi mwashi, akiwa binti wa miaka kumi na mitano, na tangu siku hiyo mzee hakuwa na hadithi nyingine. Ukimkuta kwa kinyozi, ni binti yake na kinanda. Ukimkuta msibani, atangoja kwa adabu kaburi lifunikwe, kisha ni binti yake na kinanda.

Baada ya miaka minne ya matairi wakaingia studio, wakatoa albamu ya kwanza, nyimbo nane. Sasa, gazeti kubwa la mji ule lilikuwa na safu ya muziki kila Alhamisi. Safu iliitwa Sikio, na mwandishi wake naye akaja kuitwa Bwana Sikio, jina likamkaa kama kofia. Akisifu albamu, wenye maduka walijaza rafu. Akiiponda, walikurudishia maboksi yako kabla chai haijapoa. Bendi ikaambiwa uhakiki wao unatoka wiki ile.

Alhamisi hiyo mzee aliamka mapema, akavaa koti lake la shughuli, akafika kwenye meza ya magazeti kabla mwuzaji hajamaliza kuyapanga. Akachukua nakala sita. Hakufungua hata moja; aliona si vizuri kusoma sifa za mwanawe peke yake, kama mtu anayekula nyama amejificha. Nakala moja akamwachia kinyozi. Ya pili akampa jirani aliyekutana naye njiani. Alipofika duka la dawa akaketi kwenye benchi la nje, akamwita muuza dawa atoke asikie, akaifungua ya tatu, akaanza kusoma kwa sauti.

Alisoma vizuri mpaka katikati. Kisha akafika hapa: "Mpiga kinanda anapapasa vitufe kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani, na hata akiipata, taa haiwaki. Katika wimbo wa tano kinanda chake kimeharibu hata kile kidogo kilichokuwa kizuri." Kwa kuwa alikuwa ameshaanza, mzee aliimalizia sentensi. Akalikunja gazeti mara nne. Akasema, "Haya, kazi njema," akaondoka na nakala zake nne kwapani.

Nyumbani alivua koti la shughuli. Nakala zile alizisukuma chini ya godoro, na kuanzia siku hiyo hakuuliza tena, "Leo mnapiga wapi?"

Mji, kwa upande wake, ulikuwa na mengi ya kusema. Kufikia Jumatatu kiwandani walikuwa wanamwita, "Swichi, lete gundi." Wachekeshaji wa mtaani walisema Waya yupo, Swichi yupo, bado balbu tu. Alikuwa akifundisha watoto saba kinanda siku za Jumamosi. Mwezi ulipokwisha alibaki mmoja, naye alibaki kwa sababu mama yake hakuwa msomaji wa magazeti.

Utani angeuvumilia. Alikuwa amekulia na kaka na binamu, na utani si jiwe. Asichoweza kukivumilia ni wimbo wa tano. Siku uliporekodiwa wimbo ule, yeye alikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno, shavu limevimba kama andazi. Hakwenda studio. Wimbo wa tano ni gitaa, dramu na sauti. Kinanda hakimo, hata noti moja.

Aliandika barua kwa mhariri, kwa heshima zote. Haikujibiwa. Akaandika ya pili, na ya tatu. Mwishowe akaomba ruhusa kazini, akaenda mwenyewe. Pale mapokezi akaambiwa Bwana Sikio hapokei wageni, lakini bahati ikamtupa nje wakati mwenyewe anashuka ngazi, mwanamume mnene kidogo, skafu shingoni, akinukia manukato mazuri.

"Samahani, Bwana," akamwambia. "Mimi ndiye mpiga kinanda uliyemwandika. Ule wimbo wa tano hauna kinanda."

Bwana Sikio akasimama ngazi moja juu yake. Alimtazama bila chuki, na hilo ndilo lililouma: alimtazama kama mtu anayetazama saa.

"Bibie," akasema, "kama hukupiga na bado umeuharibu wimbo, basi una kipaji kikubwa kuliko nilivyodhani."

Wawili aliokuwa nao wakacheka. Mmoja alicheka hadi akashika ukuta. Wakaingia kwenye gari, wakaenda zao.

Swichi alirudi kazini, akavaa aproni, akakata kadi mia tisa za harusi ya watu bila kukosea hata upana wa unywele. Mwenye kiwanda alidhani mambo yamekwisha. Wahenga hawakukosea: mwenye kovu usidhani kapoa.

Miaka miwili baadaye mzee alifariki. Siku ya pili ya matanga muuza dawa akaja kutoa pole, na katika kumsifia marehemu, kama watu wafanyavyo, akasimulia habari ya benchi. Alisimulia kwa nia njema kabisa. "Alinisomea habari zako kwa sauti, binti yangu. Alianza kwa furaha! Baba yako alikuwa muungwana, hakuikatiza sentensi ya mtu." Swichi akamwitikia, akamshukuru, akamwongezea chai. Hadi siku ile alidhani baba yake alisoma peke yake chumbani. Hakujua kwamba alisoma mbele ya mtu.

Kuanzia hapo hesabu ya Bwana Sikio ilibadilika. Mwanzoni alidaiwa kuomba radhi. Sasa hakudaiwa radhi tena.

Siku za mwizi ni arobaini, lakini mwenye mali lazima akae macho. Swichi alikaa macho. Kila Alhamisi alisoma safu ile, si kwa uchungu bali kama mwanafunzi. Akagundua kwamba maneno ya Bwana Sikio yalifanana mno na yale makaratasi ya maelezo ambayo bendi hutuma pamoja na diski. Bendi ikijiita "yenye nguvu", yeye aliandika nguvu. Akitaka kuponda, alichukua maneno yaleyale akayageuza nje ndani kama soksi. Na mengi ya makaratasi hayo yalichapwa wapi? Palepale kiwandani kwao. Swichi aliyakata kwa mikono yake, akayasoma, akangoja Alhamisi, akalinganisha.

Bendi nayo haikufa. Walifanya mazoezi miaka mingine mitano, wakarudi studio, wakatoka na albamu ya pili, nyimbo tisa. Safari hii upepo ulikuwa umegeuka: wimbo mmoja ulitangulia redioni, ukashika, hata makondakta na wauza viatu wakawa wanaupiga mluzi. Zikabaki wiki mbili albamu iingie madukani. Waya akaandika karatasi ya maelezo mwenyewe, akijisifu bila aibu: sauti iliyokomaa, gitaa lenye hasira ya haki, kinanda chenye utulivu, na wimbo wa saba ndio moyo wa kazi yote. Majalada yakachapwa kwa kina Swichi. Nakala kumi na mbili za wahakiki zikawekwa kando, na kazi ya kuzifunga na kuzituma akapewa dada mtu, kwa sababu ndiye mwenye mkono safi.

Akafunga kumi na moja. Ya kumi na mbili akaishughulikia peke yake.

Wakati wa mapumziko ya mchana, wenzake wakiwa wamekwenda kula, aliingia kwenye chumba cha kompyuta, akafunga mlango, akaivuta maiki ndogo karibu na mdomo. Akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo:

"Bwana Sikio, hujambo. Hii si albamu. Ukiyasikia maneno haya, tafadhali nipigie simu kwa namba nitakayoitaja. Nitakuletea albamu yenyewe kwa mkono wangu, na nitakuomba radhi mbele ya mtu yeyote utakayemtaka." Akataja namba yake, tarakimu baada ya tarakimu, mara mbili. Kisha akaacha ukimya wa dakika arobaini, urefu wa albamu nzima. Akairekodi kwenye diski, akaibandika lebo sawasawa na zile nyingine, akaiweka ndani ya jalada lenye orodha ya nyimbo tisa, akaifunga kwa nailoni, akaipuliza hewa ya moto mpaka nailoni ikabana kama ngozi. Akaipeleka mwenyewe mapokezi ya gazeti ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na karatasi ya maelezo.

Baada ya hapo akangoja, na kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko miaka yote saba. Simu ikilia, alisimamisha mashine kwanza. Akipiga Bwana Sikio, basi mambo yamekwisha: itabidi aende na albamu mkononi, apige magoti kwenye zulia la mtu yule. Na alijua angekwenda, maana ahadi ni deni. Siku ya nne simu ikalia kazini akiwa na rundo la karatasi chini ya kisu. Ilikuwa mama yake, anauliza kama atapitia kitunguu.

Siku ya tisa ilikuwa Alhamisi.

"Nimeisikiliza albamu hii mara tatu," aliandika Bwana Sikio, "na kila mara imenifungulia mlango mpya. Sauti imekomaa. Gitaa lina hasira, na ni hasira ya haki. Kinanda, ambacho miaka ile kilinisumbua, sasa kina utulivu wa mtu anayejua anakokwenda. Wimbo wa saba ndio moyo wa kazi hii. Hii ndiyo albamu ya mwaka."

Swichi aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Alikuwa amejiandaa kupondwa. Lugha ya kupondwa aliijua. Kusifiwa hakukukisia. Akajikuta anacheka peke yake katikati ya mashine, hadi mwenzake akamwuliza kama amepata mchumba.

Waya alifika kiwandani anakimbia, gazeti mkononi, machozi machoni. "Dada! Albamu ya mwaka! Wenye maduka wanapiga simu wenyewe, unasikia? Redio imetualika Jumamosi saa nne asubuhi, sisi na yeye, meza moja! Dada, kakusifu! Tumeshinda!"

Swichi akamvuta nyuma ya marundo ya karatasi, akamweleza yote.

Uso wa Waya ulikuwa na furaha nyingi, ikachukua muda kuisha yote. "Kwa hiyo," akasema, "hajasikia chochote."

"Hata noti moja. Amesifu ukimya."

"Sawa. Hajasikia. Sasa sikiliza mimi, Dada. Watu hawajui. Wewe unajua, mimi najua, yatosha. Nyamaza. Albamu itauzwa, watu watasikiliza wenyewe, na nyimbo ni nzuri. Si ni nzuri?"

"Ni nzuri."

"Basi asiyesikia na aendelee kutosikia, sisi tule! Miaka kumi na moja juu ya matairi, Dada. Nina watoto wawili wasiojua Jumapili ya baba yao inafananaje. Usinichomee nyumba kwa ajili ya panya mmoja."

Swichi alimpenda mdogo wake. Alimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Akanyoosha kingo za rundo moja la karatasi, na Waya akafikiri ameshampata.

"Alimfanya Baba ayasome yale kwa sauti," Swichi akasema mwishowe. "Mbele ya muuza dawa."

Jioni ile alikwenda kwa mama yake. Mama mtu alishalikata gazeti, ameliegemeza kwenye redio ili wageni walione. Swichi akamweleza naye. Mama akaendelea kupepeta mchele, akatoa jiwe, akatoa lingine.

"Baba yako hakukutuma," akasema. "Nilikaa naye miaka thelathini na minane. Hakukutuma kwa mtu."

"Najua, Mama. Sikutumwa. Nakwenda mwenyewe."

"Na mwenzio?"

 Swichi akapokea ungo, akamalizia kupepeta.

Jumamosi saa nne wakawa kwenye chumba cha redio, chumba kidogo chenye kuta za sponji na meza ya duara. Mtangazaji, mwanamke mchangamfu anayecheka kabla ya sentensi kwisha, aliketi katikati. Kulia kwake Bwana Sikio, skafu ileile au ndugu yake. Kushoto Waya, jasho kwenye midomo, na dada yake amevaa blauzi aliyovaa kwenye matanga. Waya alikuwa hajasema naye neno tangu Alhamisi, ila mlangoni tu alimshika kiwiko: "Nakuomba." Basi, hilo tu.

Bwana Sikio alikuwa mwema kupita kiasi. Alimpa Swichi mkono, akasema mbele ya maiki kwamba kukua kwa msanii ni jambo la kupendeza, na kwamba uhakiki mkali wakati mwingine ni mbolea.

"Umeisikiliza mara tatu!" mtangazaji akasema. "Wengine hata mara moja hatujapata nafasi!"

"Ndiyo kazi yangu," akajibu Bwana Sikio. "Mimi huketi, nafumba macho, naiacha albamu iseme."

"Naomba kuuliza," Swichi akasema. Waya akatazama meza. "Uliisikiliza kwenye diski ileile tuliyokutumia?"

"Ileile, dada yangu. Niliombwa nije nayo, na nimekuja nayo."

"Kwa kuwa hata madukani bado haijafika."

"Haijafika. Ndiyo raha ya kazi hii, sisi huonja mapema." Akacheka. Mtangazaji naye akacheka.

"Basi ningependa Bwana Sikio atuchagulie wimbo," Swichi akasema, "tuupige kutoka kwenye diski yake mwenyewe."

"Wimbo wa saba!" akasema Bwana Sikio, akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki, akampa mtangazaji bila kuitazama. Pengine asubuhi ile alikuwa na haraka. Pengine alikuwa na marundo ya bahasha kama hizo nyumbani, zote sawa. Mtangazaji akaitoa diski, akaigeuza, akaanza kutafuta pa kuanzia kwa kucha, na watu wote waliokuwa na redio mjini, sokoni, kwenye saluni na kwenye magereji, wakasikia kwa uwazi kabisa sauti ya nailoni inachanwa.

"Ilikuwa imefungwa?" mtangazaji akauliza. Hakuwa na nia mbaya, kinywa kilimtangulia.

"Hiyo ni nakala ya pili," Bwana Sikio akasema haraka. "Ya kwanza iko nyumbani."

"Tulikutumia moja, Bwana," Swichi akasema. "Niliifunga mwenyewe."

Diski ikaingia kwenye mashine. Wimbo wa saba haukuwepo. Diski ilikuwa na kipande kimoja tu, mashine ikaanza mwanzo. Na sauti ya Swichi ikatoka: Bwana Sikio, hujambo. Hii si albamu.

Watu waliokuwa pale husema mtangazaji alikuwa na nafasi ya kuizima. Hakuizima. Ujumbe ulisikika wote, pamoja na namba ya simu, tarakimu baada ya tarakimu, mara mbili. Kisha ukaja ukimya, na ukimya ule nao ukaenda hewani, sekunde kumi, kumi na tano.  Skafu ilimlegea Bwana Sikio. Swichi hakumwondolea macho. Aliyakusanya yote: mkono uliotafuta glasi ukaikosa, sikio lililoiva jekundu, na yale macho, ambayo sasa hayakumtazama kama saa.

"Ngazi ya saba," akamwambia taratibu, "ulikuwa umesimama ngazi ya saba kutoka chini. Nilikuwa ya sita."

Bwana Sikio hakuelewa anasema nini. Hakukumbuka hata kidogo kwamba waliwahi kukutana. Akainuka, waya wa vipokea sauti ukamvuta shingo, akajinasua, akatoka. Na ndani ya mkoba wa Swichi simu ikaanza kulia.

Iliendelea kulia wiki tatu, maana namba ilikuwa imetangazwa kwa mji mzima. Wengine walipiga kucheka. Wengine kumpa pongezi. Wengine, na hao ndio waliomshangaza, walipiga kutaka huduma: mpishi aliyetukanwa na mkaguzi, mshairi aliyenyimwa tuzo, mume mmoja aliyetaka diski ya kumnasa shemeji yake. Walimwendea kama watu wanavyomwendea mganga. Aliwajibu wote jibu moja: "Mimi nakata karatasi."

Gazeti liliomba radhi kwa mistari mitano, ukurasa wa kumi na moja, chini ya tangazo la magodoro. Safu ikafungwa. Bwana Sikio akapata kazi kwenye jarida la wiki, akitabiri nyota za watu, kazi isiyomlazimu kusikiliza chochote. Swichi alipopata habari hiyo alikula vizuri siku ile, wala hakuona haya.

Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe, na akiwa na ndugu huwavuta. Albamu iliingia madukani, ikauzwa wiki moja kwa kasi, watu wakiulizia "ile yenye mama anayeongea". Walipokuta ni nyimbo tu, wengine walirudisha. Wahakiki wa magazeti mengine wakakaa kimya kama waliokubaliana. Hakuna aliyetaka kuandika juu ya bendi inayotega watu mitego, na pengine si wote waliokuwa wamechana nailoni zao. Onyesho la uzinduzi likaahirishwa, kisha likasahauliwa. Mwimbaji akaomba zamu za Jumapili hospitalini. Waya akashusha vyombo vyake kutoka ghorofani mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

"Ulimpiga yeye," alimwambia dada yake kwenye ngazi, amebeba spika. "Tulioanguka ni sisi."

"Najua."

"Ungerudi nyuma, ungefanya tena?"

Angeweza kumdanganya. "Ningefanya," akasema.

Waya akapita. Hadi leo wakikutana mezani kwa mama yao, chumvi hupitia kwa Mama. Mama huipokea huku, akaitoa kule.

Miezi minane ilipita. Siku moja ikafika kiwandani kazi ya kuchapa jarida la chama cha walimu, kijitabu chembamba kisichosomwa na mtu asiye mwalimu. Swichi alikuwa anakata kingo zake, jicho likashika jina la albamu yao. Akasimamisha mashine. Mwandishi alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke, aliyeinunua albamu kwa nusu bei na kuisikiliza, alisema, akisahihisha mitihani. Aliipitia wimbo kwa wimbo. Mitatu aliipenda, na alieleza kwa nini. Minne aliiona ya kawaida. Wa saba, alisema, ni mrefu kuliko unachosema. Na katika wimbo wa nne kinanda kinachelewa, kidogo sana, lakini ukishakisikia huwezi tena kutokusikia.

Damu ikampanda Swichi kichwani. Mwalimu wa hesabu! Anajua nini? Akalikunja jarida, akaliweka mfukoni mwa aproni, akawa ameshaanza, kwa mazoea, kumfikiria mwanamke yule, shule anayofundisha, njia anayopita. Mchana, wenzake walipokwenda kula, akaingia chumba cha kompyuta, akaweka diski, wimbo wa nne. Akasikiliza. Akaurudisha, akahesabu kwa kidole juu ya goti. Akaurudisha tena.

Kisha akatafuta namba ya chama cha walimu, akapiga, akaomba aunganishwe. Sauti ya mwanamke ikaitika, na nyuma yake kelele za watoto.

"Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ndiye mpiga kinanda wa ile albamu uliyoiandika."

 Habari za redioni walimu nao walizisikia. "Ndiyo," mwalimu akasema kwa uangalifu. "Nikusaidie nini, dada?"

"Wimbo wa nne," Swichi akasema, akavuta kalamu na kipande cha karatasi. "Nimesikia mahali pamoja panapochelewa. Wewe umesikia pangapi?"

"Pawili," akasema mwalimu. "Una kalamu?"